Fursa ya Siku 90

Jamani, tuache kudanganyana. Kila kiangazi kule Marekani wimbo ni uleule: kijana afanye kibarua wakati wa likizo, kitamfunza maisha. Sawa. Lakini kinamfunza nini hasa?

Twende Lake Geneva, mji wa jimbo la Wisconsin, kando ya ziwa ambako matajiri wa Chicago walianza kujenga majumba ya kupumzikia tangu karne ya 19. Huko kuna kibarua kinachopigwa picha kila mwaka. Boti ya posta haisimami gatini. Kijana anaruka na barua, anazitia sandukuni, anatimua mbio kurudi kabla boti haijamwacha. Mambo hayo yalianza 1916, na watalii wanapiga makofi. Safi kabisa!

Ila wako wasiopigiwa makofi: waosha vyombo, watandika vitanda, wauza aiskrimu. Sheria ya Wisconsin imewapa vijana wa aina hii jina tamu, "wafanyakazi wa fursa". Maana yake? Kima cha chini cha mshahara ni dola 7.25 kwa saa, lakini aliye chini ya miaka 20 unaruhusiwa kumpa 5.90 kwa siku 90 za mwanzo. Eti bado anajifunza.

Haya, piga hesabu. Akianza kazi tarehe 10 Juni, siku ya 90 ni tarehe 7 Septemba. Wageni wamefunga virago, shule zimefunguliwa. Kujifunza kumekwisha, na kazi nayo imekwisha! Dola 1.35 kwa saa, saa 40 kwa wiki, wiki 12: dola 648 zimeyeyuka.

Mtaniambia waajiri wengi wanalipa zaidi ya hapo. Vizuri. Basi kifungu hicho kinamlinda nani, kama si yule bahili aliyebaki? Mtasema kijana hana ujuzi. Wee! Sahani aliyoiosha mtoto wa miaka 17 inang'aa sawa na ya mtu mzima, na mgeni hapunguziwi bei ya chakula.

Nasi washika kalamu hili linatuhusu, maana mtego wenyewe umetegwa kwa neno. Hata huku kwetu, ni wangapi wamefanyishwa kazi bure kwa jina la fursa? Ukilisikia neno hilo likitangulia mshahara, uliza kwanza: kiasi gani? Mlipeni kijana jasho lake. Fursa ataitafuta mwenyewe.