Miji Minane kwa Siku Kumi Si Likizo

Paris, Brussels, Amsterdam, Berlin, Prague, Vienna, Venice, Roma. Ratiba ya namna hii, miji minane kwa siku kumi, hunadiwa sana kwa wanandoa wanaotaka kuiona Ulaya kwa mara ya kwanza, wawe maharusi walio kwenye fungate au watu wazima waliodunduliza miaka mingi na sasa watoto wao wamejitegemea. Kwenye karatasi inavutia. Lakini chukua kalamu upige hesabu. Kutoka Paris hadi Brussels kwa treni ya kasi ni karibu saa moja na nusu. Brussels hadi Amsterdam ni saa mbili, Amsterdam hadi Berlin takriban sita, Berlin hadi Prague zaidi ya nne, Prague hadi Vienna nne, Vienna hadi Venice karibu nane, na Venice hadi Roma nne. Jumla inakaribia saa 30 za kukaa kwenye kiti, kabla hujahesabu kufungasha, kurudisha funguo, kutafuta treni na kusubiri chumba. Hoteli nyingi za huko humtaka mgeni aondoke kufikia saa tano asubuhi, na mgeni mpya hapewi chumba hadi saa nane au saa tisa alasiri. Kwa ratiba hiyo, siku saba kati ya kumi ni siku za kuhama. Ninasema wazi kwamba hiyo si likizo, na kwamba wanandoa wenye uwezo wa safari moja tu wangefaidi zaidi mara nyingi wakikaa katika mji mmoja, au miwili iliyo jirani.

Inafaa kujua ratiba hii ilitoka wapi. Katika karne ya 17 na ya 18, vijana wa matajiri wa Uingereza walipelekwa Ufaransa na Italia kujifunza sanaa, lugha na adabu za watu wa huko, na safari hiyo ilichukua miezi mingi, mara nyingine miaka. Mwandishi Mjerumani Goethe alikaa Italia karibu miaka miwili, kuanzia 1786 hadi 1788. Mwaka 1855 Thomas Cook, Mwingereza aliyeanza biashara yake kwa kukodi treni mwaka 1841, alianza kuvusha makundi ya wasafiri kwenda Ulaya bara, na polepole safari ya matajiri ikawa bidhaa ya watu wa kawaida. Hilo lilikuwa jambo jema, kwa sababu hakuna haki yoyote ya kuwaachia wenye mali peke yao uzuri wa dunia. Tatizo ni kwamba orodha ya miji ilirithiwa karibu kama ilivyo, ila muda wake ukakatwa, miezi ikawa wiki, na wiki zikawa siku. Mahali palipokusudiwa kukaliwa mwezi sasa pamepewa alasiri moja, na bado tunapimia mafanikio ya safari kwa urefu wa orodha ile ile.

Tazama yanayotokea Paris, ndani ya Louvre. Mwaka 2024 jumba hilo lilipokea wageni wapatao milioni 8.7, na wengi wao hutaka kuuona mchoro mmoja, Mona Lisa, wenye urefu wa sentimita 77 na upana wa sentimita 53, uliowekwa nyuma ya kioo. Watu wapatao 20,000 hupita mbele yake kwa siku. Hali imekuwa nzito kiasi kwamba Januari 2025 Rais Emmanuel Macron alitangaza mpango wa kuujengea chumba chake peke yake. Sasa, ukutani, mkabala na Mona Lisa, upo mchoro mkubwa kuliko yote ya Louvre: Harusi ya Kana, kazi ya Paolo Veronese ya mwaka 1563, karibu mita saba kwa kumi, uliochorwa kwa ajili ya ukumbi wa kulia chakula wa watawa wa Venice na kunyakuliwa na majeshi ya Napoleon mwaka 1797. Maelfu ya watu hupanga foleni wakiwa wameupa mgongo. Siwalaumu. Mtu aliyepewa saa mbili ndani ya Louvre, basi likiwa linamsubiri nje, hana budi kukimbilia kile alichoambiwa akione. Lakini wanandoa ambao wangekuwa na siku tano Paris wangeweza kwenda asubuhi moja, wakakaa mbele ya harusi ile hadi waione meza, wapiga muziki na mitungi, na wakifika Venice mwaka mwingine wakajua kuta za huko zilipoteza nini. Na ada si ndogo. Novemba 2025 Louvre iliamua kwamba wageni kutoka nje ya Ulaya walipe yuro 32 badala ya 22 kuanzia Januari 2026, maana yake yuro 64 kwa watu wawili. Jumba hilo hufungwa Jumanne, na aliye na siku moja tu Paris, ikiwa ni Jumanne, halioni kabisa.

Wapo watakaosema kwamba picha zitabaki, na kwamba mtu ataziangalia kwa utulivu akirudi nyumbani. Hapa upo ushahidi unaostahili kusikilizwa. Mwaka 2014 mwanasaikolojia Linda Henkel wa Chuo Kikuu cha Fairfield, Marekani, alichapisha utafiti ambapo wanafunzi walitembezwa katika jumba la makumbusho wakaambiwa baadhi ya vitu wavipige picha na vingine wavitazame tu. Siku iliyofuata, vitu vilivyopigwa picha nzima ndivyo walivyovikumbuka vibaya zaidi, kana kwamba akili ilikuwa imekabidhi kazi yake kwa kamera. Pale walipotakiwa kuvuta kamera karibu na sehemu moja ya kitu, yaani walipolazimika kuchagua na kutazama kwa makini, kumbukumbu haikudhurika. Utafiti mwingine, wa Jeroen Nawijn na wenzake nchini Uholanzi mwaka 2010, uliwafuatilia watu zaidi ya 1,500. Waliokwenda likizo walikuwa na furaha kuliko wengine kabla ya safari, katika siku za kungojea. Baada ya kurudi, tofauti hiyo haikuonekana tena, isipokuwa kwa wale waliosema likizo yao ilikuwa tulivu sana. Tafiti mbili hazitoshi kufunga mjadala, lakini zote zinaelekea upande mmoja: kinachobaki kwa msafiri hutegemea umakini na utulivu, na hivyo ndivyo vitu viwili ambavyo ratiba ya miji minane huviondoa kwanza.

Hoja nzito ya upande wa pili ni ya umbali na gharama. Mtu wa Dodoma, Kisumu au Bujumbura haendi Ulaya kila mwaka kama anavyokwenda Mjerumani mwenye gari lake. Visa ya Schengen ni yuro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na hairudishwi ukinyimwa. Juu yake kuna bima yenye kiwango cha angalau yuro 30,000, taarifa za benki, barua ya mwajiri na siku za kusubiri majibu. Aliyevuka vikwazo vyote hivyo anauliza kwa haki: kwa nini nisiione Ulaya yote, ikiwa visa moja inafungua nchi 29 na huenda nisirudi tena? Ninauheshimu uchungu ulio ndani ya swali hilo. Ila jibu lake linageuka ukilitazama vizuri. Kama hii ndiyo safari pekee, basi hiyo ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya kutoitumia kwenye vituo vya treni. Mwenye kurudi kila mwaka anaweza kumudu kuupoteza mji mmoja, asiyerudi hawezi. Na haki ya kuingia nchi 29 haimlazimishi mtu kuzikanyaga zote. Utaratibu wa visa wenyewe humtaka mwombaji apeleke maombi yake kwa nchi atakayokaa siku nyingi zaidi, kwa hiyo wanandoa wanaotumia siku saba Italia na siku tatu Austria wana jibu jepesi kuliko wale wenye usiku mmoja mmoja kila mahali.

Jambo linalonisikitisha zaidi ni kile ambacho wasafiri wa Afrika Mashariki hukosa kwa mwendo huu, vitu ambavyo kwa kweli ni vyao. Wanapewa alasiri moja Berlin, wanapiga picha kwenye lango la Brandenburg, wanaondoka. Mwendo mfupi kutoka hapo, katika jumba la makumbusho ya viumbe, amesimama mfupa juu ya mfupa mjusi mkubwa wa kale aliyechimbuliwa Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya 1909 na 1913. Kimo chake ni mita 13.27, na hakuna kiunzi cha dinosaria kilichosimamishwa duniani kinachomzidi. Mifupa yake, pamoja na mingine ya zaidi ya tani 200, ilibebwa na wapagazi kwa miguu hadi bandari ya Lindi, na kazi ya uchimbaji ilitegemea ujuzi wa watu kama Boheti bin Amrani, msimamizi aliyewafundisha wenzake namna ya kuifukua bila kuivunja. Brussels nayo hupewa saa chache, zinazotosha uwanja mkuu na sanamu ya mtoto anayekojoa, yenye kimo cha sentimita zipatazo 55. Ukipanda tramu namba 44 kutoka kituo cha Montgomery, ikapita msituni, unafika Tervuren, penye jumba kubwa la makumbusho ya Afrika ya Kati lililotokana na maonyesho ya Mfalme Leopold wa Pili ya mwaka 1897. Katika maonyesho hayo Wakongo 267 waliletwa wakawekwa watazamwe na umma. Saba walifariki, na makaburi yao yapo hapo Tervuren kando ya kanisa. Lisbon, penye kaburi la Vasco da Gama, yule aliyetia nanga Malindi mwaka 1498, haimo kabisa katika orodha ya miji minane. Maeneo haya ya Berlin na Tervuren hayako mafichoni, ila yanahitaji asubuhi moja ya ziada, na asubuhi ya ziada ndiyo kitu pekee ambacho ratiba hiyo haina.

Wengine hutetea ziara za kundi kwa sababu ya usalama na urahisi: mwongozaji anajua lugha, basi liko tayari, chakula kimeshalipiwa. Kwa mzee mwenye shida ya miguu, au kwa anayeogopa kupotea, hilo lina uzito, na sina sababu ya kulipuuza. Lakini urahisi huo unapatikana pia katika ziara ya kundi inayokaa mji mmoja wiki nzima, tena mzee huyo hatalazimika kuburuta begi kila asubuhi. Wapo pia vijana wenye mwezi mzima na tiketi ya treni ya nchi nyingi. Hao wana muda wa kuhama, wafanye wapendavyo. Ninaowasemea ni wafanyakazi. Likizo ya mwaka Tanzania ni siku 28, na Kenya siku 21 za kazi, na wengi hugawa siku hizo kati ya safari, msiba, harusi ya ndugu na ukarabati wa nyumba.

Upande wa wenyeji nao umeanza kusema kwa sauti. Venice ya katikati ilikuwa na wakazi wapatao 175,000 mwaka 1951. Mwaka 2022 walishuka chini ya 50,000. Tangu Aprili 2024 mji huo unatoza ada wageni wa mchana katika siku zenye msongamano. Mwaka 2025 siku hizo zilikuwa 54, kwa yuro 5, au 10 kwa anayechelewa kulipia. Ada hiyo hutozwa kati ya saa mbili na nusu asubuhi na saa kumi jioni, na anayelala mjini hailipi, kwa kuwa tayari amelipa kodi ya malazi. Hapo utaona mji wenyewe unatofautisha nani na nani. Mgeni anayekuja kupita hujaza vichochoro bila kununua zaidi ya chupa ya maji, ilhali anayelala hula jioni, hutumia boti, huamka akaone soko la samaki. Athens ilianza mwaka 2023 kuweka kikomo cha watu 20,000 kwa siku kwenye Acropolis. Barcelona imetangaza kwamba kufikia Novemba 2028 vibali vyote vya nyumba za kupangisha watalii, zaidi ya 10,000, vitakwisha. Kadiri milango inavyowekewa saa na tiketi za kununuliwa mapema, ndivyo safari ya mbiombio inavyozidi kuwa ya kupanga foleni.

Halafu kuna wanandoa wenyewe, ambao ratiba huwasahau. Watu wawili mara chache hupenda vitu vilevile kwa kiasi kilekile. Mmoja anapenda makanisa ya kale, mwingine masoko. Mmoja huamka alfajiri, mwingine anataka kulala. Mnapokaa siku sita Roma, kila mmoja anaweza kwenda anakotaka asubuhi, mkutane mchana mkiwa na la kusimuliana. Mnapokaa Roma siku moja, kila chaguo la mmoja ni hasara ya mwenzake, na mazungumzo ya siku nzima yanakuwa ya saa, tiketi na nani ana pasipoti. Kwa maharusi, ambao hizi ni siku zao za kwanza za kuishi pamoja, hilo ni jambo la kutazamwa kwa uzito kuliko bei ya hoteli.

Kwa mawakala wa safari wa Nairobi, Dar es Salaam, Mombasa na Kampala nina ombi moja, nalo halina gharama. Kwenye kila ratiba mnayouza, andikeni kando ya jina la mji idadi ya saa za mchana ambazo mteja atakuwa humo akiwa macho na bila begi mkononi, na chini kabisa andikeni jumla ya saa atakazotumia barabarani. Nanyi wanandoa mnaotafuta safari, msitie sahihi wala msilipe amana kabla ya kuzipata namba hizo mbili kwa maandishi.