Mchezo wa kijana wetu usifichwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wazazi na walimu wenzangu.

Kijana mmoja niliyemfundisha, ambaye sasa yuko sekondari hapa Muheza, ametengeneza peke yake mchezo wa kompyuta. Mchezaji huendesha lori la machungwa kwenda sokoni, akichelewa, yanaoza. Aliponionyesha, nilimwambia aache upuuzi akasome. Nakiri nilikosa.

Baadaye aliwapa wanafunzi wangu wa darasa la sita waujaribu. Kwa saa moja tu waliona kosa ambalo yeye hakuliona kwa miezi: lori lilivuka mto pasipo daraja! Akaenda kulirekebisha.

Ndugu Lual Mayen, mkimbizi wa Sudan Kusini aliyekulia kambini Uganda, alianza vivyo hivyo. Mama yake aliweka akiba miaka 3 hadi akapata dola 300 za kumnunulia kompyuta. Mchezo wake wa kuhimiza amani aliwagawia wenzake kambini, kisha akautangaza kwenye Facebook. Mwaka 2018 aliheshimiwa katika tuzo kubwa za michezo hiyo huko Marekani. Angeuficha, nani angemjua?

Kwa hiyo naziomba shule zetu, siku ya wazazi, pamoja na ngoma na ngonjera, ziweke meza moja ya kazi kama hizi. Atakayetaka kucheka na acheke, lakini aujaribu kwanza.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Muheza, Tanga.