Mbwa Mdogo Naye Ana Meno



Jioni moja mwenzetu alifika dispansari akimshika mkono binti yake wa miaka 7. Kimbwa chao kilikuwa kimemng'ata kidole cha mguu. Akaniambia: "Muganga, si jambo kubwa, ni mbwa mdogo tu." Nikamwuliza kama mbwa alichanjwa. Akatazama chini. Nikamwuliza mbwa yuko wapi. "Nimemwua, nimemtupa mtoni."

Mtoto alipata sindano zote, na leo yuko shuleni. Lakini baba yake alikaa siku nyingi bila usingizi, kwa sababu kichaa cha mbwa huweza kujificha mwilini miezi 2 au 3, hata zaidi, na dalili zikishatokea hakuna dawa. Kama mbwa yule angefungwa na kutazamwa siku 10 akabaki mzima, tungejua kwamba hakumwambukiza mtoto. Kwa kumtupa mbwa mtoni, baba alitupa na jibu.

Mimi nasema wazi: anayeleta mbwa nyumbani bila kumchanja hakuleta mlinzi, ameleta hatari. Wengine hunijibu kwamba chanjo ni kupoteza franka kwa mbwa asiyefika hata magotini. Si kweli. Ugonjwa huu hukaa katika mate, haupimi urefu wa mbwa. Duniani, watu 99 katika 100 wanaokufa kwa kichaa waliambukizwa na mbwa, na kati yao watoto ni wengi.

Huku kwetu tunamfahamu mbwa wa wawindaji wa msituni: masikio wima, mkia umejikunja kama pete. Wazungu humwita basenji. Uzito wake ni kama kilo 10 au 11, na habweki. Ndiyo maana wawindaji humfunga kengele ya mti shingoni. Sisi tunamdharau, kumbe mwaka 1937 alipoonyeshwa London watu walisongamana kumtazama.

Kutobweka kwake kuna somo. Mbwa mwingine hupiga kelele kabla ya kuuma. Huyu hunguruma kidogo tu, na mtoto anayecheza hasikii. Kwa hiyo mfundishe mtoto kwanza: asimguse mbwa anayekula, anayelala, au anayenyonyesha.

Kisha mfundishe mbwa. Usimtoe kwa mama yake kabla ya majuma 8. Mwite kwa jina moja, tumia neno moja kwa jambo moja, dakika chache kila siku. Akitii, mpe kipande cha samaki palepale. Usimpige. Mbwa aliyezoea fimbo huogopa kila mkono, na mkono unaomkaribia mara nyingi ni wa mtoto. Wengine humwacha na njaa ili awe mkali. Mbwa mwenye njaa halindi nyumba: huzurura jalalani, hukamata kuku wa jirani na kuleta ugomvi, na hukohuko hukutana na mbwa wenye kichaa.

Mambo ya kushika:

1. Achanjwe akitimiza miezi 3, na chanjo irudiwe kama mganga wa wanyama atakavyoagiza.

2. Apewe dawa ya minyoo. Mavi yake yafukiwe mbali na mahali watoto wanapocheza bila viatu.

3. Mkague viroboto, kupe na funza. Funza wa mbwa ndio haohao wa miguu yetu.

4. Akimwuma mtu, osha kidonda kwa sabuni na maji mengi dakika 15. Usitie mawese wala majani. Njoo dispansari siku ileile, hata kama ni mkwaruzo. Mbwa wa nyumbani mfunge, atazamwe siku 10. Mbwa mgeni anayetoa mate na kuuma ovyo, kaa mbali naye, waite wenye kazi hiyo.

Kofia ya kazi tunaivaa kabla jiwe halijaanguka. Chanjo ni hivyohivyo.

Yule baba amepata kimbwa kingine. Safari hii alikuja kuniuliza mahali pa kuchanja kabla hajakipa jina. Nawe ndugu, fanya kama yeye.

Muganga wenu wa dispansari
Kisangani