Kabla ya Waya, Kidonge

Mwaka 1987, mjini Grenoble, Ufaransa, Dkt. Alim-Louis Benabid alikuwa akimpasua ubongo mgonjwa aliyekuwa macho. Siku hizo mtetemeko ulitibiwa kwa kuunguza kidoa ndani ya ubongo, na kabla ya kuunguza, umeme hafifu ulipitishwa ili kuhakikisha ncha ya waya iko mahali pake. Mapigo yalipofika kama 100 kwa sekunde, mtetemeko ukakoma. Umeme wa kuonyesha njia ukageuka tiba: waya ukaanza kuachwa ubongoni, ukilishwa na betri iliyo kifuani.

Kila nikikumbuka kisa hicho nawaza wazee wa Ganze, kaunti ya Kilifi, Kenya. Huku Kilifi na Malindi mvi zimetosha kumfanya mzee aitwe mchawi. Wapo waliouawa, na wapo waliokimbilia hifadhi ya Kaya Godoma. Basi fikiria mwenye ugonjwa wa Parkinson: mkono watetemeka, uso hauonyeshi furaha wala huzuni, miguu yaburuzwa. Kwa jirani anayekitamani kiunga chake, ushahidi gani mwingine wahitajika?

Je, wazee hawa waletewe upasuaji wa waya? Nasema bado, na si kwa sababu ya bei pekee. Anayefaa kuwekewa waya hujulikana hasa kwa jinsi anavyopata nafuu akinywa levodopa, kidonge cha Parkinson. Asiyewahi kukiona kidonge hicho atachaguliwaje? Halafu betri ya kifuani huisha, na nguvu ya umeme hurekebishwa na mtaalamu mara kwa mara. Kutoka Bamba, huko Ganze, hadi Nairobi si mwendo wa kwenda na kurudi kila miezi michache.

Kwanza wajulikane. Wilayani Hai, Tanzania, utafiti wa nyumba kwa nyumba uliochapishwa 2008 uliwakuta wagonjwa 33 wa Parkinson. Zaidi ya robo tatu walikuwa hawajawahi kuambiwa wanaugua nini. Kilifi ina watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, waliohesabu wenye kifafa vijijini miaka mingi. Kuhesabu wanaotetemeka hakutawashinda.

Kuna watakaosema tunao upupu. Kweli, mbegu za upupu, huu huu unaowasha, zina levodopa, ila kiasi chake hakilingani mbegu hadi mbegu. Si dawa ya kujipimia jikoni.

Fedha zikipatikana, ningezipeleka zahanati: vidonge visivyokosekana, na mhudumu anayeutambua ugonjwa. Jirani aliyemwona mzee akiburuza miguu mwezi wa kwanza, amwone mwezi wa nne akienda sokoni.