Kabla Fundi Hajaiflashi Simu Yako

Simu inaganda ukiwa katikati ya kutuma pesa. Matangazo yanaruka kwenye skrini hata kama hujafungua kitu. Chaji ya asubuhi haifiki saa sita mchana. Wengi wetu hapo tunakimbilia kwa fundi, fundi anaitazama nusu dakika na kusema "hii ni ya kuflashi", na mteja anamwachia simu pamoja na nambari ya kuifungua. Wengine wanaacha hadi PIN ya pesa, eti ajaribu kama inafanya kazi.

Sisi tunaona mambo hapo yameanzwa kutoka nyuma. Kuflashi kunafuta picha, namba na meseji zako, na mara nyingi tatizo lilikuwa programu moja tu uliyoweka wiki jana. Kuna njia ya kujua bila kulipa hata shilingi.

Simu za Android zina kitu kinaitwa hali salama. Ukiwasha simu hivyo, inawaka na programu ilizokuja nazo tu. Zote ulizopakua mwenyewe zinalala. Kwenye simu nyingi, fungua menyu ya kuzima, kisha shikilia neno la kuzima kwa kidole mpaka simu ikuulize kama iwake katika hali salama. Kubali. Nyingine unazizima kabisa, unaziwasha, na nembo ikitokea unashikilia kitufe cha kupunguza sauti. Ukiona maneno "Safe mode" kwenye kona ya chini, umefika. (Wenye iPhone, poleni, zenu hazina.)

Hapa ndipo wateja hushtuka: programu yetu nayo inapotea! Tulia. Imelala kwa sababu uliipakua, na pesa zako haziko ndani ya simu, ziko kwenye akaunti. Kupiga simu na meseji vinaendelea, na kwa kawaida ile kodi ya kuanza na nyota pia, kwa hivyo kama kuna fare ya haraka ya kutuma, bado unaweza.

Sasa itumie hivyo kwa saa moja mbili. Ikiwa imetulia, mkosaji ni programu uliyopakua. Anza kuondoa ile ya karibuni zaidi, zima, washa kawaida, uangalie. Ikirudia ukorofi, rudi uondoe inayofuata. Inachosha, lakini inachosha kidogo kuliko kutafuta namba za watu 300 upya.

Tunaomba uanze na zile zilizokuja kwa linki ya WhatsApp au meseji badala ya Play Store, za mikopo ya haraka hasa. Programu mbaya ikipewa ruhusa inaweza kusoma meseji zako, hata zile za nambari za siri za mara moja, na inaweza kuweka skrini ya uongo juu ya ile halisi ili uandike PIN yako hapo. Ndio maana sisi, watu wa pesa, tunashughulika na simu inayoganda. Na kwa mikopo, Benki Kuu ya Kenya imekuwa ikitoa leseni kwa wakopeshaji wa kidijitali tangu 2022 na orodha yao iko wazi. Iangalie kwanza.

Programu ikikataa kuondoka, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya usalama, utafute programu zenye usimamizi wa kifaa. Izime hapo, halafu uiondoe. Ikishatoka, badilisha PIN siku hiyo hiyo. Usibadilishe kabla, kwa sababu ile mpya nayo inaweza kuonekana.

Je, kama simu inasumbua hata ikiwa katika hali salama? Basi huenda ni betri, nafasi iliyojaa au mfumo wenyewe, na fundi ana kazi halali. Hatuna ugomvi na mafundi, wengi wanajua kazi yao vizuri sana. Mweleze ulichojaribu, atakuheshimu. Lakini toa laini yako na memori kadi kabla ya kumpa simu, na akikuomba PIN ya pesa, chukua simu yako uende kwa mwingine. Hakuna ukarabati wa simu unaohitaji PIN hiyo, hata wetu sisi hatukuombi.