Utu haupimwi kwa mizani

Makanga anapomtaka abiria mnene alipe nauli ya watu wawili, abiria wenzake huangua kicheko. Mwanafunzi anapobandikwa jina la "tipwatipwa" darasani, pengine hata mwalimu hutabasamu. Twajidanganya kuwa huo ni mzaha tu. Lakini mzaha unaomfurahisha anayeutoa na kumliza anayetupiwa si mzaha tena, ni dhuluma.

Jambo hili si dogo. Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa mwaka wa 2022, mtu mmoja kati ya kila wanane ulimwenguni alikuwa na unene wa kupindukia. Hapa Kenya, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2014 ulibainisha kuwa asilimia 33 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi kiwango kifaacho. Tunaowacheka, basi, ni mama zetu, dada zetu na wanafunzi wetu.

Wako wanaodai kuwa kejeli humzindua mtu akapunguza mwili. Dai hili halina mashiko. Unene una vyanzo vingi: nasaba, maradhi, baadhi ya dawa, vyakula tunavyokula na kazi za kuketi kutwa. Aibu haiponyi hata kimoja. Anayechekwa uwanjani huacha kukimbia, na anayesimangwa hospitalini huona heri auguzie maradhi yake nyumbani.

Historia inatupa mfano wa Daniel Lambert, aliyezaliwa mwaka wa 1770 mjini Leicester, Uingereza. Alikuwa msimamizi wa gereza na muogeleaji hodari aliyewafunza watoto wa mji wake kuogelea. Inasimuliwa kuwa hakuwa mlafi wala mlevi, ila mwili wake ulizidi kunenepa hadi ukapita kilo 300. Gereza lake lilipofungwa mwaka wa 1805, alijifungia nyumbani akiyakwepa macho ya watu. Ufukara ulipombana, mwaka wa 1806 alifunga safari hadi London, akapanga nyumba na kuwapokea waliotaka kumwona, kila mmoja kwa ada ya shilingi moja.

Je, huko hakukuwa kujidhalilisha? La hasha! Lambert aliwapokea kama mwenyeji apokeavyo wageni, wala hakukubali kufanywa kioja. Yasemekana mgeni mmoja alikataa kuvua kofia, akijigamba kuwa asingeivua hata mbele ya mfalme. Lambert alimwamuru atoke chumbani papo hapo, kwa heshima ya wageni wengine waliokuwamo. Alirejea kwao akiwa mtu wa kujiweza.

Hatusemi kuwa unene hauna madhara. Lambert alifariki mwaka wa 1809 akiwa na umri wa miaka 39 tu. Kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo ni mambo ya kweli, na anayeyaugua anastahili ushauri wa daktari. Funzo letu ni kwamba hakungoja kwanza apungue ndipo adai kuheshimiwa.

Sheria zetu nazo hazingoji. Ibara ya 28 ya Katiba ya mwaka wa 2010 inasema kila mtu ana hadhi ya kuzaliwa nayo, na ana haki hadhi hiyo iheshimiwe na kulindwa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 inakataza mwanafunzi kutendewa mambo ya kumdhalilisha, ya mwilini au ya moyoni.

Walimu, hapa ndipo kazi ilipo. Mwanafunzi mnene aitwe kwa jina lake. Apate kiti kinachomtosha na sare inayomkaa. Wakati wa michezo, asiachwe kando kushika makoti ya wenzake. Nanyi wanafunzi, kabla hamjacheka, kumbukeni kuwa hujafa hujaumbika.