Nani Anabisha Mlangoni?

Mwanafunzi mmoja wa sekondari kule Mwingi ameniandikia barua ya malalamiko. Darasani wamesoma The Monkey's Paw, hadithi fupi ya Mwingereza W. W. Jacobs iliyochapishwa 1902, ambayo kwa Kiswahili tungeweza kuiita Kiganja cha Tumbili. Mwalimu wao amewaambia kuwa ni hadithi ya kutisha iliyojaa taharuki. "Nimeisoma mara mbili," asema mwanafunzi huyu, "na sikuona zimwi wala maiti. Hiyo taharuki iko wapi?"

Swali ni zuri, na jibu lake limo mumo humo ndani ya malalamiko. Hakuona kitu. Jacobs alihakikisha kwamba hataona kitu.

Kwa wasioijua, kisa chenyewe ni hiki. Mzee White anaishi na mkewe na Herbert, mwana wa pekee aliyewabakia. Usiku mmoja wa mvua wanatembelewa na Sajini Meja Morris, askari aliyetumikia India miaka mingi. Mfukoni ana kiganja cha tumbili kilichokauka. Fakiri mmoja alikitilia uganga ili watu watatu wakitumie, kila mmoja aombe mambo matatu, apate kuonyesha kuwa anayeshindana na majaaliwa huishia kujuta. Morris anakitupa motoni. Mzee White anakiopoa. Kwa utani wa Herbert, mzee anaomba pauni 200 za kumalizia deni la nyumba. Kesho yake Herbert ananaswa na mashine kiwandani na kufa. Kampuni inakana lawama yoyote, ila inatoa fidia kidogo. Kiasi gani? Pauni 200.

Hapo tuko katikati ya hadithi tu, na ningependa kusimama kidogo kwenye ile mvua. Waandishi wa hadithi za kutisha huko Uingereza waliipenda mvua, upepo na baridi. Ndiyo mandhari yao ya hofu. Lakini msomee mtu wa Mutomo au Kibwezi hadithi inayoanza kwa mvua usiku kucha, naye atakwambia kuwa hiyo ni habari njema! Mandhari ya hofu Ukambani ni mengine. Ni jua la utosi, ni kichaka kilichokauka, ni wasichana waliotumwa maji mbali kwenye mchanga wa mto Tiva au Thwake, na mmoja wao akachelewa nyuma. Kwa hivyo mwanafunzi wa Kitui asijilaumu kama ukurasa wa kwanza haukumsisimua. Asubiri lango.

Siku ile ya msiba, Mama White anachungulia dirishani na kumwona mtu asiyemjua, amevaa vizuri. Mtu huyo anasimama langoni mara tatu, na mara zote tatu anaendelea na njia yake. Mara ya nne anaweka mkono juu ya lango, anasitasita, kisha anaingia. Mama anafikiri labda kaleta pesa. Msomaji keshajua kwamba mwenye habari njema hasiti langoni mara tatu. Hiyo, ewe mwanafunzi, ndiyo taharuki: wewe umekwisha kujua, na mama bado. Na mzazi yeyote wa Wote au Matuu mwenye kijana anayefanya kazi kiwandani Nairobi au Athi River hahitaji kufundishwa tukio hili kwa ubao na chaki.

Sasa twende usiku wa mwisho, maana huko ndiko Jacobs alikoweka nguvu zake zote. Yapata juma moja baada ya mazishi, mama anakumbuka kuwa maombi mawili yamesalia. Anamlazimisha mumewe aombe mwana wao awe hai tena. Mzee anaomba huku akitetemeka. Kimya. Saa inagonga, mshumaa unazima. Kisha mlango unabishwa, polepole, kisha tena kwa nguvu zaidi.

Tazama msimulizi anasimama wapi. Ni usimulizi wa nafsi ya tatu, na msimulizi wa namna hiyo anaweza kwenda apendako. Angeweza kutoka nje na kutuonyesha aliye barazani, au kumfuata mama anayekimbilia komeo. Badala yake anabaki na baba, aliyepiga magoti sakafuni akipapasa gizani kukitafuta kiganja. Kwa nini baba? Kwa sababu ni yeye peke yake aliyeuona mwili wa Herbert, na aliweza kumtambua kwa nguo tu. Mama hajui jinsi mwana alivyoharibika. Mlango mmoja, mbisho mmoja, masikio mawili: mama anasikia mwanawe akirudi nyumbani, baba anasikia kitu kingine kabisa. Lau msimulizi angaliandamana na mama, tungekuwa na hadithi ya furaha mpaka dakika ya mwisho. Kwa kubaki na baba, anatufanya tuombe mlango wa mzazi usifunguke. Hisia ya namna hiyo hailetwi na meno marefu wala macho mekundu.

Nimeulizwa kama mbinu hii ni ya Wazungu. La hasha. Nyanya, au susu kama wanavyosema Wakamba, aliijua bila kusoma Jacobs. Eimu wa hadithi za Kikamba, ambaye jina lake lina undugu na "zimwi" la Kiswahili, ana umbo lisilotulia, leo kijana mtanashati ngomani, kesho jitu la kutisha. Mswidi Gerhard Lindblom, aliyeishi Ukambani kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, alikusanya ngano za aina hii. John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, naye alitoa kitabu chake Akamba Stories mwaka 1966.

Katika ngano moja inayosimuliwa kwa namna nyingi Afrika Mashariki, mama anamwacha mtoto ndani ya nyumba na kumwonya asimfungulie mtu ila yule anayeimba wimbo wao. Zimwi linajificha na kuusikia wimbo. Linaimba kwa sauti nzito, mtoto anakataa. Linakwenda kwa mganga, linalainishwa koo, linarudi. Safari hii sauti ni ya mama mtupu.

Ukiisikiliza ngano hiyo utaona ni mlango uleule wa Jacobs, umegeuzwa tu. Kwake, mzazi yuko ndani na anayebisha huenda ni mwana. Katika ngano, mwana yuko ndani na anayebisha huenda ni mzazi. Pande zote mbili upendo ndio unaonyosha mkono kwenye komeo. Mtoto hafungui kwa sababu ni mjinga, anafungua kwa sababu anampenda mama yake. Ndiyo maana kifua kinambana msikilizaji.

Tofauti iko katika usimulizi. Susu hakuficha: alikwambia mapema kuwa aliye nje ni zimwi, halafu akakuimbisha wimbo uleule pamoja na wenzako. Hebu fikiria! Mnaimba wimbo wa mama kwa midomo yenu, na mnajua unatumiwa na nani. Jacobs anaficha mpaka mwisho. Mimi, nikilazimishwa kuchagua, nasema susu alikuwa na kazi ngumu zaidi, maana kutisha watu wanaojua mwisho si mchezo. Lakini Jacobs, aliyezaliwa London mwaka 1863 na kujulikana zaidi kwa visa vya kuchekesha vya mabaharia, alijua jambo moja la maana: cheka kwanza. Ukurasa wake wa mwanzo una baba na mwana wakicheza sataranji na kutaniana. Tusingewapenda pale, tusingeogopa huku.

Basi katika mtihani, usiandike "hadithi ina taharuki" na kuhamia swali linalofuata. Taja lango na zile mara tatu. Taja kiti ambacho mama anakiburuta ili alifikie komeo la juu huku mumewe akipapasa sakafuni. Sema nani anajua nini, na nani hajui.

Mwanafunzi wangu wa Mwingi anauliza pia ombi la tatu lilikuwa lipi. Jacobs hakuliandika. Mzee anakipata kiganja, anaomba, na kubisha kunakoma ghafla. Mlango unafunguliwa, upepo baridi unapanda ngazi, mama analia kilio kirefu cha kukata tamaa. Mzee anashuka mpaka langoni. Taa ya barabarani inamulika njia iliyo kimya, na hakuna mtu.